Nyumba Iliyofungwa, Mita Inayozunguka

Mita ya maji husomwa kwa kuinama. Wanaoingia kazini siku hizi hudhani kazi yetu ni ya macho. Ni ya mgongo. Nimeinama juu ya mashimo ya Uvira tangu mwaka wa uhuru hadi mwezi uliopita. Jina la nchi limebadilika mara mbili, na mita nyingi ni zile zile, isipokuwa vioo. Wenzangu wa biro, ofisi yetu ya maji, wameniomba niwaachie maandishi kuhusu kazi kabla sijasahau. Nitaandika kwa utaratibu. Niseme mapema, hata hivyo, kwamba sehemu kubwa itahusu nyumba moja karibu na mto Mulongwe, wakati wa maasi, na watu wawili waliokaribia kufa kwa sababu niliandika ukweli.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Papa Melkiadi, fundi kutoka Katogota, mtu mfupi mwenye makovu ya kle, spana za mabomba, hadi kwenye viwiko. Mimi nilikuwa na cheti cha shule na viatu vilivyong'arishwa. Alivitazama viatu kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

"Weye ndiye wa kusoma?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi soma." Akanionyesha mfuniko wa simenti uani kwa mapadri.

Niliufunua kwa vidole, nikiwa nimesimama mbele yake. Wakatoka vyura wawili, kisha nge. Melkiadi hakusogea.

"Ukurasa wa kwanza umesoma," akasema. "Sasa tafuta ndoana."

Tangu hapo nilijua kwamba mfuniko huvutwa kwa ndoana, nawe umesimama ubavuni. Matope hutolewa kabla ya kitu kingine chochote. Kioo hupanguswa kwa mate na kidole gumba, wala si kwa kitambaa, maana kitambaa cha jana kina mchanga wa jana nao hukwaruza. Tarakimu nyeusi ni mita za ujazo, mishale myekundu ni lita, na pale katikati kuna kinyota kidogo cha chuma. Kinyota ndicho kisichodanganya. Funga robine zote, yaani koki za nyumba, kaa kimya, kitazame. Kikisimama, nyumba ni nzima. Kikizunguka, kuna maji yanayokwenda mahali, na kazi yako ni kusema ni wapi.

Melkiadi alisikiliza bomba kwa kipande cha nondo, ncha moja kwenye chuma na nyingine kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Alikuwa na uwezo wa kutofautisha maji yanayoingia kwenye tangi la choo na maji yanayopotea ardhini. "La choo linaimba," aliniambia. "La ardhini linanung'unika." Ilinichukua mwaka mzima kusikia tofauti hiyo. Baada ya mvua kubwa tulifungua mita moja moja na kusugua chujio kwa mswaki, kwa sababu mto Mulongwe ulituletea mchanga mwingi kuliko maji. Kisha tulifunga waya na kuubana kwa plombi, kidonge kidogo cha risasi chenye alama ya biro, ili mtu asifungue kwa siri. Watu walifungua hivyo hivyo.

Mkubwa wetu Mbelgiji aliondoka wiki chache baada ya uhuru. Alituachia droo iliyojaa kalamu za kopi, zile ambazo mwandiko wake ni wa kijivu lakini ukiloa hugeuka zambarau na haufutiki tena kwa njia yoyote. Alituachia pia kitabu cha kusomea mita, chenye safu nne: nyumba, tarakimu za mwezi uliopita, tarakimu za leo, na maelezo. Hiyo ya nne niliipenda. Melkiadi alikuwa hajui kuandika vizuri, basi akanifundisha cha kuweka humo. "Andika unachokiona. Usiandike unachofikiri." Nikaandika: *kioo kimevunjika, mbwa mkali, plombi imekatwa.* Kwa miaka minne sikuona dalili kwamba kuna mtu aliyewahi kuisoma.

Waasi walipouteka mji, askari walikimbia kwanza, kisha wafanyabiashara wageni wakavuka kwenda Burundi, kisha makarani na walimu, maana hao ndio waliotafutwa nyumba kwa nyumba. Mwenye kalamu mfukoni alikuwa adui. Sisi wa maji tulivaa salopeti, ovaroli za kazi, na kushika kle, tukaachwa. Waasi walituletea komiseri, msimamizi wao, mtu wa umri wangu, mpole, aliyekuwa amesoma shule ya ufundi miaka miwili. Alitukusanya mbele ya biro.

"Kamarade, maji haina chama. Mutaendelea na kazi. Kila muntu atapata karatasi yenye muhuri, atapita kwa barieri zote za njiani. Kitu kimoja tu: ile kitabu ya mita, kila mukimaliza, muniletee. Minye nitaisoma yote."

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilidhani hatimaye nimepata msomaji. Melkiadi alikuna shingo.

Nyumba ninayoizungumzia ilikuwa ya Mgiriki mmoja, muuza vitambaa, juu kidogo ya mto. Alipokimbia, Melkiadi alifunga maji yake barabarani, na mimi nikaandika tarakimu za mwisho. Mwezi uliofuata sikufika kwa sababu ya risasi. Mwezi wa pili nilifika asubuhi ya Alhamisi. Lango lilikuwa na mnyororo, madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mbao, majani makavu yalikuwa yamejaa barazani. Nikaingia kupitia pengo la ua, nikavuta mfuniko kwa ndoana, nikatema mate, nikapangusa. Mita ilikuwa imesogea kwa mita nne za ujazo. Kinyota kilikuwa kinazunguka polepole.

Nilizunguka uani nikitafuta unyevu. Ardhi ilikuwa kavu kama sakafu. Ilikuwa kiangazi, hata nyasi zilikuwa zimekufa. Nikafanya kama nilivyofundishwa. Katika safu ya maelezo niliandika, kwa mwandiko wangu bora: *Nyumba imefungwa. Mita inazunguka. Hakuna maji yanayovuja uani. Ichunguzwe.*

Saa sita mchana mjumbe wa komiseri alikuja kuchukua kitabu. Nikampa.

Melkiadi nilimkuta kwenye kivuli cha stoo, akila mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Nikamweleza kwa fahari, kama mtu aliyegundua jambo. Aliacha kutafuna.

"Kinyota kilikuwa kinazunguka namna gani? Mbio?"

"Polepole, Papa."

"Kama tangi ya choo inajaa."

"Ndiyo. Kama..." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kimekwenda."

Akaniambia yote kwa sauti ya chini. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na Bwana Damasi, karani wa utawala, na mkewe Mama Esteria. Mgiriki aliwaachia ufunguo wa mlango wa nyuma. Melkiadi mwenyewe ndiye aliyewafungulia tena maji barabarani.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona muntu asiyejua hawezi kusema. Na minye, miaka makumi mawili niko fundi, nikasahau kitu moja: compteur, ile mita, iko nahesabu." Akasukuma sahani. "Weye uliandika unachokiona. Minye ndiye nilikufundisha. Twende tufikiri."

Ijumaa asubuhi ujumbe ulifika: kesho saa nne komiseri atakuja mwenyewe, tumwonyeshe hiyo nyumba.

Kufuta haikuwezekana, nimekwisha kueleza kalamu ile. Kuwahamisha mchana, katika mji wenye barieri kila kona, bila karatasi, ilikuwa ni kuwapeleka wenyewe. Melkiadi alifikiri hadi saa tano, kisha akasema jambo ambalo hadi leo naliona ndilo kazi bora niliyowahi kushuhudia.

"Kitabu imesema maji iko napotea. Basi ipotee."

Nilimwambia nimeandika kwamba hakuna kinachovuja.

"Uliangalia vibaya. Weye uko mupya."

"Niko na miaka minne, Papa."

"Kesho utakuwa mupya."

Watu wa maji wenye sururu na ndoo hawaulizwi kitu na mtu yeyote. Hilo ni jambo la kwanza la kujua kuhusu salopeti. Saa saba mchana, jua likiwa kali na wapiganaji wamelala kwenye vivuli, tulikuwa uani kwa Mgiriki tukichimba kati ya mita na vane ya nyumba, yaani ule ufunguo wa kufungia maji yaendayo ndani. Melkiadi alilegeza kiungo cha bomba mpaka maji yakachuruzika. Lakini mahali panapovuja kwa mwezi mzima hapafanani na mahali palipochimbwa leo. Kwa hiyo tulikwenda kwenye robine ya watu wote, chini kwenye mtaro wake, tukachota matope meusi yenye ukoko wa kijani, tukang'oa na magimbi mazima pamoja na mizizi. Tulirudi na ndoo nane. Tukapanda magimbi, tukatandaza ukoko kwa mwiko kama wapaka plasta, tukaacha maji yafanye mengine. Kufikia jioni nusu ya uwanja ulikuwa kinamasi, na vyura walikuwa wamefika wenyewe, bila kuitwa.

Kabla ya kuondoka Melkiadi alinisogeza karibu na madirisha akaanza kunigombeza kwa sauti kubwa.

"Mupumbafu weye! Kesho saa ine Komiseri anakuja hapa! Hapa hapa! Hata robine moja isifunguliwe! Hata choo! Umesikia?"

"Nimesikia, Papa!"

"Siko naongea na weye tu!"



Komiseri alikuja saa nne kamili, na wapiganaji wawili wenye majani kichwani. Hapa Melkiadi alikuwa amefikiri mbali kuliko mimi. Wapiganaji wale walikuwa na miiko ya dawa yao ya kujikinga na risasi, na mmojawapo, kama walivyotuambia wenyewe mara nyingi kwenye barieri, ulikuwa kutoguswa na maji wasiyoyajua yalikotoka. Walipoona kinamasi walisimama langoni. Hakuna aliyezunguka nyuma ya nyumba. Komiseri peke yake aliingia, akikanyaga magimbi.

"Hapa uliandika hakuna maji." Alinionyesha ukurasa.

"Sikuona, Kamarade. Nilitazama upande wa barabara."

"Ni mupya huyu," Melkiadi akadakia. "Bale ba shule wanaangalia kitabu, hawaangalii chini."

Komiseri hakucheka. Akachuchumaa juu ya shimo. "Funga vane ya nyumba."

Nikafunga. Kinyota kiliendelea kuzunguka. Ndivyo tulivyotaka: maji yalikuwa yanapotea kabla ya kufika ndani. Akatazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu. Nilidhani tumemaliza.

"Sasa fungua."

Nikafungua. Kinyota kikaruka, kikazunguka kwa kasi, sekunde tatu, nne, kisha kikarudi mwendo wake. Nilijua maana yake. Wakati vane ilipokuwa imefungwa, mtu ndani alikuwa amegusa robine.

"Hiyo ni nini?" komiseri akauliza.

"Mabomba ya ndani yanajaa," nikasema.

"Yalimwagikia wapi, kama nyumba haina muntu?"

 Niliinama tena juu ya mita. Melkiadi akapiga hatua mbele.

"Choo, Kamarade. Choo ya Wazungu. Mpira wa tangi umekufa, iko navuja hata ikilala. Twende ndani nikuonyeshe. Tutavunja mlango, dakika mbili tu." Na akaanza kweli kwenda, akizama hadi kwenye vifundo, sururu begani. "Kuja! Ila angalia hapo kati, iko shimo."

Komiseri aliwatazama wapiganaji wake langoni, hawakusogea. Akatazama viatu vyake, vilivyokwisha kujaa matope.

"Acha," akasema. "Nyumba tupu inahitaji maji ya nini? Toeni hiyo mita. Sasa, nikiona. Na hii matope muikaushe."

Niliifungua kwa mikono yangu mwenyewe, nati mbili za shaba, nikamkabidhi. Aliibeba kwapani kama kitabu. Kwa hiyo tuliwaokoa Bwana Damasi na mkewe wasikamatwe, na papo hapo tukawakatia maji katikati ya kiangazi.

Amri ya kukausha matope ndiyo iliyotusaidia. Kazi ya saa mbili tuliivuta ikachukua siku tatu. Ndoo zilitoka na udongo, zikarudi na maji, na moja ilisahauliwa kila mara karibu na mlango wa nyuma. Siku ya nne tulihitaji mchanga wa kufukia mtaro, na wanawake wanaochota mchanga mtoni waliuleta kwa mabeseni kichwani. Walikuja watano, wakaondoka sita. Mama Esteria alishuka nao kandokando ya mto, beseni tupu kichwani, hakugeuka nyuma.

Bwana Damasi alikuwa na uso uliojulikana mjini. Siku hiyo hiyo alivaa salopeti ya Melkiadi, akapewa karatasi ya Melkiadi, na tukampa ncha ya nyuma ya bomba refu la kupeleka juu kwenye chanzo cha maji, mlimani. Bomba begani huficha shavu moja; shavu la pili tulilipaka grisi. Melkiadi, akiwa hana tena nguo wala karatasi, aliingia ndani ya nyumba badala yake, akajifungia.

Kwenye barieri ya mwisho mpiganaji aliichukua karatasi.

"Weye ni Melkiadi?"

"Iko minye," Damasi akajibu.

"Maji ya Kalundu inakatika kila siku. Juu ya nini?"

Damasi, karani wa maisha yake yote, hakusita. "Tuko tunashughulikia."

Mpiganaji akatema mate pembeni. "Munasemaka vile siku zote. Pita."

Hakukuwa na jibu jingine ambalo lingemfanya afanane nasi zaidi. Kwenye chanzo cha maji tulimkuta Esteria, aliyefikishwa huko na wanawake wa mchanga, ameketi kwenye jiwe. Nilikunja salopeti na karatasi kwenye mfuko wa vyombo, na wao wakashika njia ya Rurambo, kwa wajomba zake Esteria wenye ng'ombe.

Alasiri nilimrudishia Melkiadi nguo zake. Alivaa taratibu, akitazama chumba. "Saa sita tu nimekaa humu," alisema. "Sasa najua juu ya nini walifungua robine. Ndani mule hakuna sauti ingine ya kusikiliza."

Mji ulipochukuliwa tena na serikali, Bwana Damasi alirudi, amekonda. Alipewa kazi ya kukagua maofisi, na ya kwetu ilikuwa mojawapo. Alinisalimia kwa mikono miwili. Kwake mimi nilikuwa mtu aliyeshika ncha ya mbele ya bomba. Kisha akaomba vitabu, maana alikuwa mtu wa vitabu, na kile cha miezi ya waasi kilikuwa kimepatikana katika droo ya komiseri. Nilimtazama akifunua kurasa. Kidole chake kikasimama.

"Nani aliandika hapa?"

Melkiadi akakohoa. "Ile ni ya zamani, Bwana Damasi, ile..."

"Ni mimi," nikasema.

Alisoma tena, mstari wote, bila haraka. "Mwandiko wako ni mzuri," akasema. Halafu: "Siku ile ulipiga hodi?"

"Hapana. Nyumba ilikuwa imefungwa."

"Tulikuwa mezani. Esteria alikuona kwenye nafasi ya mbao. Nilitaka tujifiche chini ya kitanda. Akaniambia, kaa ule, huyu ni wa maji tu, hana neno."

Alitia sahihi chini ya ukurasa kama wakaguzi wanavyofanya, akauliza kuhusu vyujio, akaenda zake. Tulikutana mara nyingi baadaye, kanisani na sokoni, na hakulitaja tena jambo hilo. Mimi pia sikulitaja.

Miaka mingine iliyofuata ni ya kawaida, nami nimechoka kuiandika. Vioo vilivunjika na havikuletwa vingine. Mulongwe ulifurika na kuondoka na mita za mtaa mzima. Nyingine tulizipata ziwani, zikiwa zimejaa konokono. Vita vingine vilikuja, na barieri nyingine, na watu wakajificha tena katika nyumba zilizofungwa. Melkiadi alizikwa Katogota. Nilisoma mita zilizokuwa zimesimama na mita zilizozunguka. Kila nyumba nilipiga hodi mara tatu, hata yenye mnyororo, na nilisubiri. Niliandika tarakimu, na safu ya nne niliiacha tupu. Wakubwa watano, mmoja baada ya mwingine, walinionya kwa barua kwamba sitoi maelezo. Nilizisoma barua zote, nikazikunja, kesho yake nikatoka na ndoana yangu.